Toba Ina Anwani

Hotuba hii niliitoa katika semina ya familia ya kanisa letu hapa Dodoma. Ndugu kadhaa walioshindwa kufika wameiomba, kwa hiyo nimeiandika kama nilivyoisema.

Bwana Yesu asifiwe!

Mchungaji wetu na mama mchungaji, wazee wa kanisa, baba zangu, mama zangu, vijana wetu, na wageni wetu mliotoka makanisa jirani. Wakubwa wangu shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo? Nashukuru kwa kuaminiwa kusimama mbele yenu.

Nimeombwa niseme juu ya kuiishi imani yetu kila siku, nyumbani na kati ya watu. Mada hii tumefundishwa mara nyingi. Tumeambiwa tusome Neno, tuombe, tusikose ibada, tutoe zaka. Hayo yote ni mema, na leo sitayarudia kwa sababu hakuna humu ndani asiyeyajua. Mimi nina jambo moja tu, nami nitalisema na kulirudia mpaka mtakapotoka nalo. Jambo lenyewe ni hili: toba ina anwani.

Naomba niwaulize. Mtu amemwibia jirani yake kuku. Jumapili amekwenda kanisani, amepiga magoti, amelia mbele za Mungu, ameinuka na uso mkunjufu, ameimba mapambio na kucheza. Amerudi nyumbani, na kuku wa jirani bado yuko bandani kwake. Huyo ametubu? Mnatikisa vichwa. Basi hebu kila mmoja wetu akaangalie bandani kwake.

Tumezoea kudhani kwamba toba ni shauri la mimi na Mungu wangu, limeanzia moyoni na linaishia madhabahuni. Lakini msomeni Zakayo, Luka sura ya 19. Yesu hakutamka neno la wokovu Zakayo alipopanda mkuyu. Hakulitamka alipoteremka upesi, wala alipomkaribisha kwa furaha. Zakayo aliposimama akasema, "Nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne," hapo ndipo Bwana alipojibu, "Leo wokovu umefika nyumbani humu." Mtoza ushuru anajua alimtoza nani na alizidisha kiasi gani. Mfikirie Zakayo kesho yake asubuhi pale Yeriko, anapita na mfuko wake, anabisha hodi nyumba hadi nyumba, na watu wanachungulia dirishani kwa hofu wakidhani amekuja kudai tena. Hiyo ndiyo toba yenye anwani.

Wazee waliotutangulia katika nchi hizi walilijua jambo hili kuliko tunavyolijua sisi. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza aliyeitwa Joe Church alikutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa wamechoka na Ukristo wa jina. Wakakaa pamoja kusoma Biblia na kuomba. Daktari akarudi kazini kwake Gahini, Rwanda, na katika miaka ya 1930 ukawaka pale moto tunaouita Uamsho wa Afrika Mashariki. Ukaenea Uganda, Burundi, Kenya, ukaingia huku kwetu Tanganyika kupitia Bukoba. Wengi wenu mmelelewa na mama na bibi waliookoka katika Uamsho ule.

Mnajua majirani wasioamini waliutambua Uamsho kwa alama gani? Kuimba kulikuwepo tangu zamani, mahubiri yalikuwepo. Alama mpya ilikuwa watu kurudisha vitu. Aliyeiba hospitali alirudisha. Aliyemdhulumu mwajiri wake alikwenda akasema. Watu waliokuwa hawasemeshani walitafutana. Na jambo ambalo wakati ule wa ukoloni halikuwa dogo hata kidogo: wamisionari wa Kizungu waliwaomba radhi Waafrika kwa kiburi chao, na Waafrika wakawaomba radhi Wazungu kwa chuki yao, wakakaa meza moja. Walisema wanatembea nuruni, kama alivyoandika Yohana: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi."

Sisemi kila kitu cha Uamsho kilikuwa chema. Walikuwepo waliogeuza ungamo la hadharani kuwa fimbo ya kuwapigia wenzao, na kuna makanisa yaliyogawanyika kwa sababu hiyo. Lakini kwenye hili la kurudisha na kupatana walikuwa sahihi, na sisi wajukuu wao tumebaki na pambio tukaliacha lile la kubisha hodi.

Nataka niwasimulie habari za mmoja wao, maana huyu ni wa kwetu kwa kiasi fulani. Festo Kivengere alizaliwa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, mwaka 1919. Baadaye alikuja na mkewe Mera kufundisha hapa hapa Dodoma, kabla hajawa askofu, kabla hajajulikana dunia nzima kwa kuhubiri. Kivengere alipookoka alikuwa mwalimu kijana, na alikuwa na mmisionari mmoja Mzungu aliyemchukia kwa moyo wote. Furaha ya wokovu ikiwa bado mbichi, Roho wa Bwana akamkumbusha mtu yule. Mzungu huyo alikaa mbali, maili kama 50. Kivengere hakumwombea kwa mbali akiwa chumbani. Alipanda baiskeli.

Ndugu zangu, maili 50 kwa baiskeli, katika vilima vya Kigezi! Mnajua mtu anawaza mangapi njiani? Ni mara ngapi moyo unamwambia, "Geuza, umeshatubu, Mungu amesikia"? Alifika. Alimwambia yule mtu kwamba amekuwa akimchukia, na kwamba amekuja kuomba msamaha. Wakakumbatiana.

Toba yake ilikuwa na anwani. Wewe yako iko maili ngapi? Wengine humu yako haifiki hata maili moja. Iko chumba cha pili.

Sasa tuingie nyumbani, maana hii ni semina ya familia.

Kivengere huyo huyo alikuwa akisimulia kisa chake mwenyewe. Siku moja alikwaruzana na mkewe. Muda wa kwenda kuhubiri ulikuwa umekaribia, amejiandaa, ana Biblia yake. Akasikia moyoni kwamba arudi jikoni akamwombe Mera msamaha, waombe pamoja. Akajitetea: Bwana, watu wananisubiri, muda umekwisha. Akasikia jibu: basi wewe nenda ukahubiri, mimi nitabaki hapa jikoni na mkeo. Akarudi jikoni.

Baba zangu, nawauliza kwa heshima zote. Lini mara ya mwisho ulimwambia mke wako, "Nisamehe, nilikosea," bila kuongeza "lakini na wewe"? Tuna wanaume humu wanaoomba kwa sauti nzito mpaka kanisa linatetemeka, na watoto wao wakisikia geti linafunguliwa wanazima televisheni na kutawanyika vyumbani. Watoto wale wanamjua baba kuliko mchungaji anavyomjua. Na sisi akina mama tusijifiche nyuma ya baba. Kuna mama anayefunga na kuomba, na mkwe wake hajapata neno zuri kutoka kinywani mwake tangu alipoletwa nyumbani. Kuna mama anayemnyamazia mumewe wiki nzima, chakula anaweka mezani bila salamu, halafu Ijumaa anakwenda kwenye mkesha.

Na wazazi, hivi mzazi akimkosea mtoto anafanyaje? Umempiga kwa kosa alilofanya mdogo wake, umegundua baadaye. Wengi wetu tunampa soda tukidhani tumemaliza. Mwite. Mwambie, "Mwanangu, nilikuonea, nisamehe." Heshima yako haitapungua. Mtoto aliyewahi kuombwa radhi na baba yake hahitaji kufundishwa maana ya toba kwenye shule ya Jumapili, ameshaiona.

Kabla sijatoka nyumbani, kuna mtu ambaye tunamsahau kila tunaposema neno familia. Ni dada wa kazi.

Anaamka saa kumi na moja alfajiri. Anawasha jiko, anachemsha maji ya kuoga, anaandaa watoto wa shule, anapiga pasi shati la baba. Usiku analala wa mwisho, baada ya kuosha sufuria ya mwisho. Ni binti wa miaka kumi na minane au kumi na tisa, ametoka kijijini kwao, mama yake alikabidhiwa ahadi kwamba binti anakwenda kwa watu waliookoka. Mshahara wake uko wapi? "Namtunzia." Unamtunzia mpaka lini? Sahani ikivunjika, umekata. Maziwa yakichachuka, umekata. Akiugua malaria, dawa umemnunulia kwa pesa yake mwenyewe. Siku akisema anataka kwenda kwao, unakuta hesabu imebaki ya nauli na kanga moja.

Na Jumapili, wapendwa, Jumapili! Mchungaji na wageni wanakuja kula chakula cha mchana. Nani anapika? Dada. Kwa hiyo dada haji ibadani. Tunaimba hapa "twende sote" na kuna mtu mmoja tumemwacha jikoni anachambua mchele ili sisi tukishabarikiwa tukute pilau tayari.

Torati haikunyamaza juu yake. Walawi 19, mstari wa 13, inakataza ujira wa mtu uliyemwajiri kulala kwako hata asubuhi. Usiku mmoja tu! Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inasema apewe ujira kwa siku yake, "kwa kuwa ni maskini, moyo wake umeutumainia huo, asije akamlilia Bwana juu yako." Na Yakobo anasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele. Ujira wenyewe unapiga kelele! Sisi tumekesha tukiita mvua na mafanikio, na mbinguni sauti yetu inashindana na sauti ya mshahara wa binti yule. Mnadhani inasikika ipi?

Nikitoka nyumbani nakwenda sokoni, shambani na kazini. Wafanyabiashara, nisikilizeni.

Mnalijua gunia la lumbesa. Wengine mnalishona. Gunia linajazwa viazi au vitunguu mpaka mdomoni, halafu badala ya kufungwa linaongezewa juu, linashonewa kamba kama wavu, linawekwa kilemba. Kilemba kinapanda mpaka gunia linakuwa na shingo na kichwa. Mkulima anasimama pembeni anatazama jasho lake likipandishwa pale juu, na bei ni ile ile ya gunia moja. Sheria ya vipimo ya nchi inakataza. Lakini kabla ya sheria ya nchi, Mithali 11 mstari wa kwanza ilishasema: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana." Neno lililotumika ni chukizo, ndugu zangu, neno lile lile tunalopenda kuwapachika wengine kwa dhambi nyingine.

Namfahamu mnunuzi mmoja wa vitunguu, ni ndugu katika Bwana. Aliposhika hili alinunua mizani, akaenda nayo shambani, akaanza kununua kwa kilo. Wenzake walimwambia anaharibu soko. Nasema ukweli wote, sitaki kuwadanganya kwa ushuhuda mtamu: msimu ule faida yake ilikuwa ndogo kuliko ya wenzake, na mpaka leo wapo waliomzidi magari. Mizani ya haki haikumletea utajiri. Mungu hakuahidi hivyo, na wanaohubiri kwamba uaminifu ni mbegu ya kuvuna nyumba wanamfanya Mungu kuwa mshirika wa biashara. Yule ndugu anapima kwa kilo kwa sababu mkulima ni mtu, na jasho la mtu lina mwenyewe. Basi.

Nitagusa mengine haraka, maana mnayajua. Fundi uliyepokea kianzio cha sare za kwaya ukasema "njooni Alhamisi", na Alhamisi ukasema "Jumatatu", huku kitambaa hujakigusa: Bwana alisema ndiyo yetu iwe ndiyo. Wewe uliyekopa kwenye kikoba, mwenzako akakudhamini, ukabadilisha namba ya simu: dawa ya deni ni kulipa, na kama huna, dawa yake ni kwenda kusema huna, na kukubaliana utaanza na kiasi gani. Usimwachie mdhamini wako aibu halafu ukakaa naye benchi moja Jumapili. Wewe uliyeingiziwa pesa kwenye simu kimakosa, mtu anapiga analia, ni ada ya mtoto, ukazima simu ukamshukuru Mungu kwa muujiza: ule haukuwa muujiza. Ule ulikuwa mtihani, na bado unaweza kuufanya upya leo, maana namba ya mtu yule unayo.

Sasa ulimi.

Tumepata njia ya kusengenya inayoanza na kuishia kwa jina la Yesu. Kwenye kundi la WhatsApp la maombi mtu anaandika, "Wapendwa, tumkumbuke dada yetu fulani, anapita mahali pagumu kwenye ndoa, shetani amemwingilia mumewe, siwezi kusema zaidi." Hawezi kusema zaidi, lakini ameshasema yote. Mpaka jioni habari imefika Iringa. Je, alimpigia huyo dada kwanza? Alimuuliza kama anataka jambo lake liombewe na watu mia mbili? Neno ulilolisema juu ya mtu lina anwani pia. Ulilisema kwa nani? Huko ndiko unakotakiwa kurudi kulirekebisha, kwa watu wale wale, kwenye kundi lile lile.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nataka kuwapeleka mahali pa kutisha. Nimewaambia Uamsho ulianzia Rwanda. Miaka sitini hivi baadaye, mwaka 1994, katika nchi hiyo hiyo, nchi ambayo karibu watu wote walikuwa wamebatizwa, kwa muda wa siku mia moja hivi jirani aliua jirani. Wazee mliowahi kuishi Ngara na Bukoba mnakumbuka, miili ikielea katika mto Kagera hadi Ziwa Victoria. Haikuanza na mapanga. Ilianza na maneno. Watutsi waliitwa mende, redioni, sokoni, mezani, miaka na miezi, na waliobatizwa walisikia, wakacheka, wakarudia. Ukishamzoea jirani kwa jina la mdudu, siku ya panga moyo unakuwa umeshaandaliwa.

Magharibi mwa Rwanda kuna mahali panaitwa Nyange. Aprili 1994 Watutsi walikimbilia kanisani pale, wakiamini kanisani hakuna atakayewagusa. Zaidi ya watu elfu moja walikuwa ndani kanisa lilipobomolewa kwa tingatinga juu ya vichwa vyao. Padri wa parokia ile alihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokaa hapa kwetu Arusha, na mwaka 2008 rufaa yake ilimalizika kwa kifungo cha maisha. Sisemi hili kulisema dhehebu fulani. Walioua na waliouawa walikuwa wa madhehebu mengi, ya kwetu pia. Nalisema ili tuone kwamba mtu anaweza kushika kikombe cha Bwana na asimshike jirani yake.

Lakini Nyange ina habari ya pili. Miaka mitatu baadaye, usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wanamgambo waliingia shule ya sekondari ya Nyange wanafunzi wakiwa wanajisomea. Wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Fikirieni watoto wa sekondari, bunduki ziko mbele yao, na Mhutu akisogea hatua chache tu anapona. Wakakataa. Walisema wao wote ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na kurushiwa mabomu, sita wakafa usiku ule. Rwanda imewaweka kati ya mashujaa wake.

Mahali ni pale pale, Nyange moja. Tofauti ni nini? Vijana wale hawakuwa na muda wa kufikiri usiku ule. Walikuwa wameshaamua zamani, bwenini, kwenye foleni ya chakula, kwenye kuazimana madaftari, kwamba huyu ni mwenzangu. Siku ya risasi ililitoa tu lililokuwa limeshawekwa. Kwa hiyo usiniulize ungefanyaje kama ungekuwa Nyange. Jiulize unafanyaje hapa Dodoma. Unaposema "hawa watu wa kabila fulani ndivyo walivyo", watoto wako wanasikiliza. Jirani yako Mwislamu akifiwa, unakwenda kuzika, au unasema wale wana mambo yao? Binti yako akileta mchumba wa kabila usilolipenda, Ukristo wako unasimama wapi?

Nakaribia mwisho, lakini kuna jambo nisipolisema nitakuwa nimewaumiza watu.

Tunapohubiri msamaha, mara nyingi tunamhubiria aliyeumizwa. Mama anakuja kwa wazee wa kanisa, jicho limevimba, mkono hauinuki. Tunamwambia nini? "Mama, vumilia. Mwombee. Mwanamke mwenye hekima hujenga nyumba yake." Tunampa mistari, tunamrudisha alikotoka. Wiki ijayo amevunjwa jino. Ndugu zangu, hapo toba tumeipeleka kwenye anwani isiyo yake! Mwenye kutubu ni aliyepiga. Wa kuitwa kwanza ni aliyepiga. Wa kuvuliwa uzee wa kanisa, kama ni mzee, ni aliyepiga.

Msamaha na ukweli havigombani. Mwezi Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda, Kivengere akiwa mmoja wao, walimwandikia Idi Amin barua wakimweleza wazi maovu ya serikali yake. Tarehe 16 mwezi ule ule Askofu Mkuu wao, Janani Luwum, aliuawa, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Kivengere na mkewe walikimbia usiku, wakavuka milima kwa miguu mpaka Rwanda. Ni mtu huyo huyo ambaye baadaye mwaka ule ule alisema mbele ya ulimwengu kwamba amemsamehe Amin. Angalieni mpangilio wake. Alisema ukweli. Alikimbia kuokoa maisha. Alisamehe. Hakuna aliyemwambia kwamba kusamehe ni kurudi Kampala akauawe. Basi na mama yule anaweza kusamehe akiwa kwa dada yake, mlango umefungwa na komeo, na shauri lake liko polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Hajatenda dhambi. Wala aliyemsindikiza polisi hajavunja ndoa ya mtu. Ndoa ilivunjwa na ngumi.

Sasa fungueni Mathayo 5, mstari wa 23. "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Bwana alikuwa tayari ibada isimame, mnyama wa sadaka abaki amefungwa pale, mtu atembee hata safari ya siku kadhaa kwenda kwao Galilaya na kurudi. Tunasoma mstari huu kila mwaka, na sijawahi kuona sadaka ikingojeshwa.

Leo itangojeshwa. Nilimwomba mchungaji, akakubali, Mungu ambariki. Ratiba inaonyesha sadaka sasa. Haitakusanywa sasa. Saa hizi ni saa saba na nusu, sadaka itakusanywa saa tisa. Muda huo wote ni wenu. Simu mnazo. Mwenye mke au mume humu ndani, amtafute. Mwenye kudaiwa ampigie anayemdai. Mwenye dada nyumbani anayemdai mshahara, ampigie amwambie siku ya kulipwa, na siku hiyo isizidi wiki hii, na amwambie kwamba Jumapili ijayo anakuja ibadani, chakula tutakula baridi. Asiye na salio, vijana wawili wa kwaya wako mlangoni, wataazima simu. Ambaye namba ya mtu wake haipatikani, aandike jina na siku atakayokwenda, ampe mtu mmoja anayemwamini amkumbushe. Na anayeona hana wa kumtafuta, abaki nami hapa mbele tuwaombee waliotoka.

Wenye shauri la kupigwa au kutishiwa nyumbani, ninyi msimpigie mtu sasa hivi. Mama mchungaji yuko ofisini, mlango wa nyuma, pamoja na mama muuguzi. Atakaa huko hadi awasikilize wote, hata kama ni baada ya saa tisa. Wengine tokeni nje, kuna kivuli upande wa miembe. Anzeni.